Utabiri Niliomsomea Mama Wambua

Ipo Jumapili moja ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu, na jana umenirudisha pale pale bila kujua. Nilikuuliza Pwani kutakuwaje wiki hii. Hukuinua hata macho. Ukaniambia, "Susu, iko tu poa, jua tupu," na kidole chako kikaendelea kuteleza juu ya simu. Mimi nyanya yako nimezeeka masikio, macho bado ninayo. Niliona hukufungua hali ya hewa yoyote, ulikuwa unatazama mambo yako ya mpira. Basi weka simu chini kidogo ukae. Hiyo chai haikimbii.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, hapa hapa Mumbuni, Machakos, boma hili hili. Baba alikuwa na redio, ya pekee katika nyumba zote za mteremko huu. Wazee wetu walijua Kikamba, basi, Kiswahili cha redio kiliwapita juu. Mimi nilikuwa nimesoma, kwa hiyo nikawa ndiye mdomo wa redio. Tangazo la kifo, tangazo la mvua, kila mtu alinigeukia mimi, "Mwikali, amesema nini huyo?" Nakwambia kichwa kilinivimba nikajiona mwalimu.

Jirani yetu Mama Wambua alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Wambua. Kijana alikuwa amepata kibarua Pwani, upande wa Kilifi, kwenye kikosi cha kujenga gati, na kila asubuhi walivushwa mkono wa bahari kwa kimashua kidogo. Wambua hakujua kuogelea. Sisi watu wa Mumbuni kuogelea tungejifunzia wapi, kwenye karai? Basi mama yake akajitafutia njia. Jumapili saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, redio ilikuwa inasoma hali ya hewa ya wiki nzima. Alikuja na kigoda chake, akakaa hapo mlangoni, nami nikamfasiria ya Pwani. Jumatatu alishuka mjini kwenye duka la Msomali mmoja aliyekuwa na simu, akampigia mwanawe: "Jumatano usivuke." Na Wambua havuki. Wenzake walimcheka mtu mzima anayeongozwa na mamake, lakini havuki.

Sasa sikia ujinga wangu. Jumamosi moja Baba na Mama walikwenda matanga Ekalakala, wakaniacha na redio. Nilipiga muziki asubuhi mpaka jioni, nikicheza peke yangu hapo uani, mpaka mawe ya redio, zile betri kubwa, yakaisha nguvu. Baba alikuwa amenikataza wazi wazi. Walirudi usiku, na Jumapili asubuhi nikayaanika juani kwa siri yapate uhai kidogo, ndivyo tulivyofanya siku hizo. Saa saba Mama Wambua akafika na kigoda chake. Nikawasha. Sauti ya mtangazaji ikatoka nyembamba, ikawa inashuka, inashuka. Nikaiweka redio sikioni. Nikasikia, "Katika eneo la Pwani," halafu kimya.

Kimya kile mwanangu, mpaka leo nakisikia. Redio yetu ikifa ilikuwa inakwaruza kwanza. Siku hiyo ilinyamaza kama mtu anayenyamaza ili akusikilize wewe. Jua lilikuwa la utosi, kuku wamejibanza chini ya ghala, hata majani hayakutikisika. Mama Wambua akaniuliza, "Amesema nini?"

Baba alikuwa ndani, anasikia kila kitu. Ningesema redio imezima angeuliza mawe yamekwenda wapi, na fimbo yake niliijua. Nikatikisa kichwa kana kwamba bado nasikiliza. Halafu nikasema, "Ni jua, mwaitu, mama yangu. Mvua kidogo alfajiri. Upepo wa kawaida, na bahari imetulia wiki nzima."

Hakuinuka. Alinitazama, halafu akatazama miguu yake mwenyewe. "Una hakika? Maana tangu niamke miguu yangu haikauki."

Nikaangalia. Haki ya Mungu, miguu ilikuwa imelowa mpaka vifundoni, na vumbi la njiani limeigandia. Kilikuwa kiangazi, na maji tulikuwa tunayafuata mbali sana. Nikajiambia huyu amenawa tu miguu akasahau kujipangusa. Nikamjibu, "Nina hakika." Akachukua kigoda chake akaenda zake, na mimi nikashusha pumzi, nikafurahi kwamba nimeponyoka.

Alhamisi upepo ulivuma kule Pwani ukageuza bahari. Kimashua kilizama katikati ya maji. Wale wengine waliogelea wakatoka. Wambua walimtafuta siku tatu wasimwone, wala nguo yake. Habari ilifika kwa simu ya yule Msomali, naye akafunga duka, akapanda huku kwa miguu kumwambia mama mwenyewe. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe niliposikia ukemi wa yule mama. Niliendelea kuchambua, mikono ilikataa kusimama.

Jumapili iliyofuata nilijua hatakuja, kwake kulikuwa bado kumejaa watu. Saa saba nikasikia kigoda kinawekwa mlangoni.

"Baharini kutakuwaje wiki hii?" akauliza.

Mama yangu akaanza kulia. Baba akaniashiria nimsomee. Mawe yalikuwa mapya, Baba alidhani ya kwanza yameisha yenyewe, na sauti ilitoka safi: mvua kubwa, upepo mkali, mawimbi ya kupita kiasi. Nikafasiri neno kwa neno. Mama Wambua akaitikia, "Haya. Nitamwambia." Alipoondoka, mahali alipokuwa ameweka miguu palibaki na maji. Nilisimama hapo nikayatazama mpaka ardhi ikayanywa.

Akaja Jumapili nyingine, na nyingine. Watu wakasema amechanganyikiwa, maskini, mwacheni. Mimi nilikonda nikawa mifupa. Nafikiri ilipita miezi mitatu, ndipo nikashindwa, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake. "Mwaitu, ile Jumapili ya mwisho ya Wambua..." Hakuniacha nimalize. Aliniwekea mkono kichwani, mkono wa baridi, na jua lilikuwa linachoma.

"Ninajua," alisema. "Wambua ameniambia redio ilikufa kabla haijasema. Haikasirikii redio, redio hufa. Ila amenituma nikuulize kitu kimoja. Mbona hukusema hujui? Ungesema hujui, ningempigia asivuke wiki nzima."

Mambo ya yale mawe sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja. Utaniuliza yeye alijuaje. Labda siku ile aliona natikisa kichwa bure. Labda alikisikia kile kimya. Labda ni Wambua kweli. Mimi sijui. Unaona linavyosemwa? Sijui. Ni neno dogo na halikuchomi ulimi, lakini mimi lilinishinda siku ambayo lingeokoa mtu.

Kabla hajafa, yule mama aliniachia kigoda chake na ombi. Kila Jumapili saa saba nisikilize ya Pwani, niisimulie kwa sauti hapo mlangoni, na siku nisiposikia, niseme sikusikia. Nilipoolewa nilikibeba kigoda, nilipofiwa na babu yako nikarudi nacho. Babu yako, Mungu amrehemu, alidhani ni sala za dini fulani, alikuwa ananitania mbele ya wageni. Na miaka hiyo yote sakafu ya mlangoni imekuwa kavu.

Sasa masikio yameniacha. Ndiyo maana jana nilikuuliza wewe, na wewe ukanipa jibu la kunifukuza. Nami nikasimama mlangoni nikamwambia Wambua vile vile ulivyonipa, kama mama yake angemwambia: "Jua tupu, mwanangu, jua tupu."

Leo nimeamka kufagia. Inuka uangalie mwenyewe, hapo mbele ya kigoda. Machakos hapajanyesha, wingu lenyewe hatujaliona mwezi huu. Nimepangusa mara mbili na bado. Ni nyayo za mtu mzima, na haziendi nje. Zimeingia ndani, zimepita meza, zimeishia kwenye kiti ulichokalia jana. Hapana, usicheke, na usiniambie ni paa linavuja. Umenieleza mwenyewe kwamba Alhamisi unapanda treni hapo Syokimau na watoto wako, mnaenda Kilifi, na kwamba umewaahidi utawapandisha mashua. Naogopa, mwanangu. Nasema waziwazi, naogopa.

Nasaha yangu basi ndiyo hii. Mtu akikuuliza jambo, hata awe kikongwe kama mimi anayeonekana kukusumbua tu, wewe hujui ni nani amesimama upande wa pili akingojea jibu lako. Kama umeangalia, mwambie ulichokiona. Kama hukuangalia, mwambie hukuangalia. Ukiwa hujui, sema hujui, hata kama baba yako yuko ndani na fimbo. Ile aibu ningeimaliza kabla ya jioni. Hii nyingine nimezeeka nayo.

Mungu akuvushe kila maji yaliyo mbele yako. Akulindie hao watoto, awape maisha marefu kunipita mimi, na akurudishe kwenye mlango huu ukiwa na miguu mikavu.

Sasa chukua hiyo simu, ufungue ya Pwani kweli kweli. Soma polepole, kwa sauti, uso wako ukiwa mlangoni. Anza na Alhamisi.