Siku Kaka Alipocheza Mbele ya Boma

Wajukuu wangu hunishangaa. Jumapili wakienda uwanjani mjini huniambia, "Bibi, twende, tutakutafutia mahali pazuri pa kukaa," nami huwajibu kwamba magoti yananiuma. Magoti yananiuma kweli, ila si hayo yanayonizuia. Mpira nimeutazama mara moja tu maishani, zamani za Mjerumani, nilipokuwa msichana ambaye bado hajaolewa.

Aliyecheza alikuwa kaka yangu. Tulizaliwa wawili tu, kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, juu mlimani, Umeru. Baba alikuwa amekwisha kufa. Alichukuliwa kwenda kubeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani pale Arusha, akarudi nyumbani mgongo umepinda, na haukunyooka tena mpaka tulipomzika. Kwa hiyo mama hakupenda hata kulisikia neno boma. Kaka alisoma misheni, na huko ndiko mwalimu mmoja alikowafundisha mpira. Akiwa nyumbani alijitengenezea wa kwake kwa maganda makavu ya migomba, akaufunga kamba, akaupiga kutwa katikati ya shamba huku mama akimfokea kwamba anavunja machipukizi.

Ikaja sikukuu ya mfalme wa Wajerumani. Vijana wa misheni wakaambiwa watacheza na askari na makarani wa boma, mbele ya watu wote. Kaka alimwomba mama twende sote.

"Nenda na mdogo wako," mama alisema. "Mimi pale sikanyagi. Cheza, kisha urudi ule."

Tuliondoka alfajiri, mimi nimebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Tulipita Kimandolu, siku hizo migomba na vichaka tu, tukavuka mto Themi tumeshika viatu vya kaka mkononi; yaani mimi nilivishika, yeye alitangulia akirukaruka juu ya mawe. Sikuwahi kufika mjini. Nilipoona uwanja ule mweupe kwa vumbi, na watu walivyojaa, nilimshika mkono.

Sijapata tena kuona watu wengi namna ile. Waarusha walikuja na shuka zao, wamejipaka rangi nyekundu. Wahindi wenye maduka walisimama juu ya masanduku ili waone vizuri. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya turubai. Magoli yalikuwa miti miwili miwili iliyofungwa kamba juu. Askari walivua viatu vyao vizito, wakaingia peku kama wenzao.

Mwanzoni sikuelewa kitu. Niliona vumbi na miguu. Kisha kaka akaupata mpira, akakimbia nao kando ya uwanja, na askari wawili waliomfuata wakaonekana kama wamesimama. Watu wakapiga kelele. Akaupiga, ukapita kati ya ile miti, na mimi nikajikuta narukaruka huku maziwa yakinimwagikia kifuani.

Karibu yangu alisimama karani mmoja, mtu wa pwani, mwenye kanzu na daftari. Alinigeukia.

"Yule mrefu anayekimbia vile ni nani?"

"Shikamoo," nilisema, kwa Kiswahili changu kidogo nilichokiokota misheni. "Ni kaka yangu!"

"Marahaba. Anaitwa nani? Mnakaa wapi?"

Nikamwambia. Nilimtajia jina la nyumbani, alilopewa na bibi yetu, siyo lile la ubatizo walilomwita misheni. Nikamweleza na kwetu: upite kanisa, ufuate mfereji mpaka kwenye mti mkubwa wa msesewe, kihamba cha kwanza kulia. Aliandika yote. Nilifurahi kumwona akiandika.

Njiani tukirudi nilimsimulia kaka. Alicheka sana. "Basi nimekuwa mtu mkubwa," akasema. "Jina langu limo kwenye daftari la Mjerumani."

Mwaka haukuisha, vita vikaanza. Tukasikia kwamba wanatafutwa watu wa kubeba mizigo ya jeshi, na vijana wengi wakapanda msituni kujificha. Kaka hakwenda. Alisema watu wa misheni hawataguswa.

Askari walikuja asubuhi, wawili, na karatasi. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hawakuuliza njia kwa jirani yeyote. Walikuja moja kwa moja mpaka mlangoni. Mmoja akasoma jina, na lilikuwa jina la nyumbani.

Mama alimng'ang'ania kaka shati mpaka likapasuka begani.

"Mama, ni mizigo tu," kaka alimwambia. "Sipigani na mtu. Nitarudi." Kisha akaniangalia. Sijui alikuwa amekumbuka lile daftari au la. Aliniambia tu, "Mwangalie mama."

Hakurudi. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaingia, na sisi bado tulikuwa tunamwekea chakula. Siku moja akaja mtu kutoka Lemara, amekonda, meno yamemtoka, akasema alibeba mizigo katika msafara mmoja na kaka. Walikwenda mbali sana kusini. Kaka aliharisha damu siku nne. Siku ya tano hakuweza kuinuka, na msafara haukumngoja.

"Mlimzika?" mama aliuliza.

"Mama, hawakuturuhusu kusimama."

Tulikaa matanga bila kaburi. Niliolewa, nikazaa, na siri ile nikaibeba tumboni pamoja na watoto wangu. Mama alipoanza kuzeeka nilishindwa. Nilikwenda kwake, tukakaa jikoni tukipukuchua mahindi, nikamweleza yote: karani, daftari, jina, mfereji, msesewe.

Alipukuchua hindi lile mpaka likaisha. Akachukua jingine.

"Ulikuwa unajivunia kaka yako," alisema. "Ningekuwepo, jina lake ningelitaja mimi, na kwa sauti kubwa kukushinda."

Nililia nikidhani yamekwisha. Lakini siku zilizofuata hakuniita. Nilipompelekea chakula alikipokea mlangoni, akashukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni, akaingia ndani. Mume wangu aliuliza tumegombana nini.

Siku ya nane alimtuma jirani aniite. Nilimkuta shambani ameshika panga, mkungu wa ndizi umemzidi nguvu. "Shika huku," akasema. Tukaukata, tukaubeba wawili mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.