Shujaa Asiyepiga Hodi

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea, naandika polepole. Leo fundi mmoja wa Old Kampala amewasha televisheni kuukuu, na harufu ya vumbi lililopata moto imenirudisha sebuleni kwa bibi.

Nilikuwa na gemu ya zamani ya shujaa anayetafuta upanga wa marehemu baba yake. Wenzangu waliidharau kwa sababu watu wake walikuwa wadogo kama punje za mchele. Sikuwa na kadi ya kuhifadhia mchezo, na ukizima unaanza upya, kwa hiyo mashine ilikuwa haijazimwa siku tatu. Bibi akaja na chai yake, akamwona shujaa wangu akiingia nyumba ya watu na kufungua mitungi.

"Hapo ni kwao?"

"Hapana, bibi."

"Amepiga hodi?"

"Gemu iko hivyo, bibi."

"Mwizi! Na wenyewe wamekaa wanamtazama!" Akashika waya ukutani. "Asalimie, ama nachomoa."

Siku zangu tatu zilikuwa mkononi mwake. Nikampeleka shujaa kwa kila mtu, akasalimia mama, watoto, hata mbuzi. Wa mwisho alikuwa mzee wa pembeni, ambaye nilikuwa nimempita mara ishirini. Mzee akasema alimjua baba yake, akampa upanga.

Bibi akauachia waya. "Umeona? Na wewe wageni wakija hapa unajificha jikoni."

Kama mnajua gemu nyingine za zamani za namna hiyo, niandikieni. Nitawajibu wote. Kwa barua siogopi kusalimia.