Buibui wa Shamba la Shangazi

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchoka kuzurura nilipopata kibarua kwa mtafiti wa buibui aliyekuja Mtwara. Tulipekua majani makavu chini ya mikorosho, kuanzia Naliendele hadi Kitaya. Aliniahidi kwamba tukipata buibui asiyejulikana, atanitafutia nafasi ya kusomea wadudu. Nilimwamini, kwa kuwa sikuwa na ahadi nyingine.

Tulimpata katika shamba la shangazi yangu, karibu na mto Ruvuma: mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, hafumi utando, anakimbia tu ardhini. Lakini alikuwa jike. Buibui wa namna ile hutambuliwa kwa dume aliyekomaa, kwa umbo la vikono viwili vilivyo karibu na mdomo wake, na madume tuliowaona walikuwa wachanga bado. Wale wachanga tuliowatia chupani ili wakomae walikufa. Mtafiti akaamua tuwaache waliobaki wakomae, turudi baadaye.

Nikamwambia shangazi kwamba nitamrudisha mgeni, na maisha yangu yanategemea shamba lake.

Tuliporudi, tulipokewa na harufu ya moshi. Kwetu kila mwenye mikorosho husafisha chini yake kabla korosho hazijaanza kudondoka. Shangazi aliwahi mapema kuliko wote, kwa heshima ya mgeni. Aliita majirani, wakafagia, wakachoma majani yote.

"Karibuni, wanangu. Hata sindano ikianguka leo mtaiona."

"Shangazi, na wale buibui?"

"Hayupo hata mmoja. Mgeni wako aje aumwe kwangu? Aibu ya nani?"

Jirani mmoja akacheka. "Wenzake wamesoma wakaoa mjini. Huyu kasoma, kaja kuposa buibui."

Mtafiti alipiga magoti, akachambua majivu kwa vidole hadi jua likawa kali. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama ndugu zangu wote wako hivi. Hakungoja jibu. Alisema jike peke yake hathibitishi kitu, na asiye na cha kuthibitisha hana cha kuombea nafasi. Akaenda kukaa ndani ya gari. Kuku aliyechinjiwa hakumgusa.

Nilikaa mkekani nikala peke yangu. Shangazi alikuwa ananitazama, anangoja. Nikamwambia shamba limependeza sana.

"Basi msalimie mkubwa wako," akasema. "Mwakani tutafagia tena."