Shangazi Anafuata Jibu

Mashirika ya misaada hapa Uvira yana magari yenye antena ndefu za kuongea na dunia nzima, lakini kumwambia mwombaji kazi neno "hapana" yanashindwa. Niliomba kazi kwenye mojawapo, ya kuhamasisha usafi kule Mulongwe baada ya mto kufurika. Tangazo lilisema wazi: watakaochaguliwa tu ndio watakaoitwa. Wengine mfe na simu zenu mkononi. Na kazi yenyewe, eti, ilikuwa ya "kusikiliza jamii".

Nikageuka mtumwa wa simu. Nilikwenda nayo hata msalani. Kila namba nisiyoijua niliipokea kwa "Bonjour" ya kiofisi, kumbe ni muuza samaki wadogo wa ndagala aliyekosea namba.

Kilichonikosesha usingizi ni shule. Mkuu wa shule moja ya msingi pale Songo alikuwa ameniwekea darasa la nne. Nikishika chaki halafu ofisi ipige, ningejuta. Nikiiacha na ofisi isipige, ningebaki mikono mitupu. Basi kila aliponiuliza nilimwambia, "Bado kidogo."

Shangazi yangu, ambaye ndiye huenda kuposa kwa niaba ya ukoo wetu, alichoka kuniona nikiikodolea simu macho.

"Weye ulipeleka posa," akaniambia. "Mwenye binti akinyamaza, wazee wanafuata jibu. Hata muntu mwenye tunamukatalia, tunamujibu."

Nilimweleza kuwa ofisi si nyumba ya wakwe. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Kesho yake alivaa kitenge chake cha harusi, akachukua akina mama wawili wa ukoo, nami nikawafuata nyuma hadi ofisini kwao nikiona haya. Mlinzi alipoona vitenge akadhani ni wageni wa semina, akafungua lango.

Msimamizi wa wafanyakazi akatoka, kijana mwenye kitambulisho shingoni. Shangazi akapiga goti kidogo, kama iwapasavyo waposaji.

"Baba, tulituma mutoto wetu hapa kuomba kazi. Mutuambie: munamutaka ama hamumutaki?"

"Mama, wenye walichaguliwa tuliwaita."

"Na wenye hamukuwaita, muliwaambia nini?"

"Hatuwaambiake kitu."

"Basi huku kwenu hakuna wazee," shangazi akasema.

Kijana akakohoa. Mwishowe akatamka kwamba nafasi ina mtu, na mtu huyo alikuwa ameanza kazi hata kabla tangazo halijabandikwa. Alilisema bila haya, kama anayesoma habari za mvua. Masikio yaliniwaka kwa hasira. Walikuwa wametualika tupose binti aliyekwisha kuolewa! Shangazi akasema aksanti, kwa kuwa jibu ni jibu, akatutoa nje.

Jioni ileile mkuu wa shule akabisha hodi kwetu. Alikuwa ametembea kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alikaa, akanywa maji, ndipo akasema.

"Mwalimu, lile darasa nimemupa mwingine. Wazazi walichoka kungoja. Niliona si vizuri uisikie mu barabara."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi njiani. Niliporudi ndani nililia, na niliowalilia ni wale watoto wa darasa la nne. Ofisi ile haikupata hata chozi.