Rasta Nilizoziacha Mezani

Mie hasira zangu ziko karibu, wala sisemi kwa kujisifu. Kazi yangu ni kuwashauri wanaoishi na virusi vya ukimwi, hasa wageni kutoka nje ya nchi. Mama yangu alikuwa wa Bukavu, na Kiswahili chao nakijua.

Kulikuwa na dada mmoja Mkongo, msusi, mjamzito wa miezi saba, akiishi Kiwalani na mwanaume asiyejua kwamba ana virusi. Tulikubaliana kwamba akipotea kliniki nimfuate kama mteja: nije na rasta za kusukia mkononi, nikae nisukwe, tuzungumze chinichini. "Mama, usikuye na karatasi wala na mutu," aliniambia. "Kwetu mutu wa karatasi ni polisi." Kibali cha kuishi nchini hakuwa nacho.

Akapotea wiki mbili. Dawa zake zilishakwisha, na zile ndizo zilizokuwa zinamkinga mtoto tumboni. Kwenda kwake, kahama. Hapo akili zangu za Dar zikaniponza: ukimtafuta mtu mtaani, si unapitia kwa mjumbe wa nyumba kumi? Nikapitia. Rasta nikaziacha mezani kwangu. Mjumbe, mzee wa watu, akaijua nyumba aliyohamia, akaingia uani daftari kwapani, mie nyuma yake, akaita, "Jamani, yuko wapi yule Mkongo? Anatafutwa na watu wa kliniki ya Jumanne!"

Kiwalani nzima inajua kliniki ya Jumanne ni ya nini.

Yeye alikuwa hapo hapo uani, anamsuka mteja. Mumewe akatoka chumbani, akalitazama lile daftari. "Umeniletea polisi na ukimwi siku moja!" Kofi la kwanza lilimwangusha juu ya mteja wake. La pili sikuliona, niliona damu. Akamburuta kwa nywele mpaka kwenye karo la kufulia, akaanza mateke. Dada wa watu kajikunja, mikono yote miwili tumboni, uso kauacha wazi. Angeweza kuuziba. Hakuuziba.

Majirani wanatazama tu, mjumbe anasema, "Jamani, jamani." Mie nikanyakua kigoda nikamshushia yule bwana begani, tena mgongoni, tena sijui wapi. Mshauri mzima! Akanigeukia akanikaba koo, nikamng'ata mkono mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Mafundi wa gereji ya jirani ndio waliotutenganisha. Kumpiga sijutii hata kidogo. Ninachojutia ni lile daftari.

Yule dada nikampeleka hospitali kwa bajaji. Njiani akashika tumbo, akasema, "Anacheza." Kisha akasema, "Nilikuambia ukuye na rasta."

"Nisamehe, mdogo wangu," nikamwambia.

Hakurudi kwa yule bwana. Wakongo wenzake wa kanisani walimchukua. Jumanne akaja kliniki, jicho limefumba, meno mawili hayapo. Nikasimama kumpokea, akanipita. Akaenda kwa muuguzi, akapewa dawa, akameza kidonge pale pale. Ndipo akasema, "Munipe mushauri mwengine." Jina la mwenzangu nililiandika mwenyewe kwenye faili lake.

Mtoto alizaliwa, akapimwa, virusi hana. Habari hiyo nililetewa na mwenzangu, katoka kumtembelea. Mwenzangu alikuwa kasukwa upya huko huko, mistari myembamba iliyonyooka mpaka kisogoni. Nikaangalia zile nywele, nikashindwa hata kumuuliza mtoto wa kike au wa kiume.