Ziwa Juu ya Keki

Jirani yangu fundi keki huongea kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, na kucha zake haziishi rangi ya buluu. Maji ya kupambia keki, yale ya kuigiza ziwa au bahari, huyapika kwa jelatini, unga wa kugandisha. Huyamimina yakiwa vuguvugu, kisha huyapuliza kwa mrija, polepole, mpaka yagande na viwimbi vyake. Akimaliza hukaa juu ya ndoo, akasugua kiuno na kusema, "Nimechoka na maji mimi."

Juzi, nikiwa kwake, wazee wawili, mume na mke wa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, walifuata keki ya jubilei ya ndoa yao. Watoto wao walikuwa wameagiza ziwa, lile ambalo wazee walilivuka kwa mtumbwi wakiikimbia Burundi. Bibi aliliangalia sana. "Zuri, mwanangu. Ila tulivuka usiku. Maji yalikuwa meusi." Nikajua fundi atafoka, maana alikuwa hajalala. Alishusha pumzi tu, akabandua ziwa lote kwa kisu, akabandika sufuria upya, akatia rangi nyeusi. Akapuliza mpaka mashavu yakamlegea. "Niweke na mtumbwi?" akauliza.

Bibi akarudisha nyuma kiti alichokalia akisubiri, akasimama. "Usiweke, mwanangu. Sisi tulishashuka."