Koti la Theluji la Mama Anselmi

Mume wangu Nassibu ni fundi mzuri wa cherehani, na Mtaa wa Sikukuu mzima unalijua hilo, kwa hiyo msinieleze habari za ufundi wake. Mimi ndiye niliyeolewa naye. Ninachosema hapa ni ujuaji wake. Huo ndio uliomponza Mama Anselmi, na mpaka leo nikikumbuka natamani ile cherehani niitumbukize chooni.

Mama Anselmi, jina lake Clotilda, alikuwa mpangaji wetu chumba cha uani. Mchaga, mjane, mumewe Aristides alikuwa kuli bandarini hadi alipofariki. Baada ya hapo akauza ndizi za kupika pale sokoni Kariakoo, kwenye kizimba alichokipata kwa kubembeleza na kugombana mwaka mzima. Sauti yake ndogo, lakini ndizi yake hununui kwa bei yako wewe. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na sikukuu zote tulikula sinia moja.

Alizaa watoto wawili. Wa kwanza, Leodegar, alimpeleka mlimani kwa babu yake akiwa na miaka mitano, na kaptula yake na kishati cha pwani. Kule mwezi wa saba ukungu unakuja hadi mlangoni. Mtoto akashikwa na kichomi, akafa. Wakwe, badala ya kumpa mkono wa pole, wakamtupia maneno matangani mbele ya watu: mama gani huyu, kamleta mtoto uchi kwenye baridi, kamuua mwenyewe. Clotilda akaapa hatalala tena kwenye boma lile.

Sasa mwaka wa hamsini na sita, huyu wa pili, Anselmi, akafika miaka kumi na moja. Baba yake mdogo akatuma salamu kwamba mtoto apande, shule ya misheni imemkubali, na kihamba cha marehemu baba yake kinamngoja. Asipokuja kukikalia atapewa mwingine. Kwa Mchaga kihamba ndiyo shamba, ndiyo nyumba, ndiyo na makaburi ya wazee wake, huwezi kumnyima mtoto. Clotilda akakubali, ila akaniambia, "Shoga, huyu hapandi bila koti. Safari hii hakuna atakayesema nimemleta uchi."

Haya, katafute koti la baridi Dar es Salaam. Madukani kwa Wahindi yalikuwepo ya watu wazima, ya sufu, na bei yake ya mabwana wakubwa. Na mtoto mwenyewe anakua kama mpapai. Sweta aliyonunuliwa Pasaka, haukupita muda mikono imekomea kwenye viwiko. Ikabaki kafa ulaya, nguo zilizokwisha kuvaliwa huko Ulaya, zinaletwa kwa marobota. Kila Humoud Mwarabu alipofungua robota dukani kwake, Clotilda aliacha ndizi zake akakimbilia huko. Magauni, suruali, makoti yaliyoliwa na nondo. Alirudi mikono mitupu mara nyingi mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake.

Siku moja akalipata. La buluu, na kofia yake imeshonewa humo humo, na zipu, nalo limejazwa manyoya laini ya bata ndani. Humoud akasema watoto wa Ulaya huyavaa wakicheza juu ya theluji, wanafunga mbao miguuni wanateleza. Watu dukani wakaangua kicheko. Mmoja akasema ni godoro lenye mikono. Mwingine akauliza mtoto ameajiriwa kiwanda cha barafu? Watu hawa hawa, mvua ya masika ikinyesha kidogo tu, utawaona wamejigubika kanga na mashuka, meno yanagongana.

Clotilda akalilipia. Koti lilikuwa kubwa, na alilitaka hivyo hivyo, mtoto akue nalo. Akamletea mume wangu pale barazani akunje mikono na pindo kwa ndani, ili kila mwaka afumue kidogo. Alimwambia mbele yangu, "Usikate kitu, Fundi. Kunja tu."

Mimi kesho yake nikaenda Ilala kwa dada yangu mgonjwa. Niliporudi adhuhuri nikakuta koti limetundikwa barazani, jembamba, limelegea. Nikalishika. Kitambaa kitupu.

"Manyoya yako wapi?" nikamwuliza.

"Nimeyatoa," akasema Nassibu, hata mguu hakuuondoa kwenye cherehani. "Nilifumua mshono kidogo nione kuna nini, nikaona manyoya. Ndege wa Ulaya hao, nani kawachinja? Kibudu. Na joto hili, mtoto angeungua. Nimemsaidia, wala simtozi."

"Kwani mtoto anakwenda kulila koti?"

Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Na joto la wapi? Mtoto anakwenda mlimani, Nassibu. Yako wapi?"

Alikuwa ameyamwaga bondeni Jangwani. Nilikwenda mbio na kikapu. Upepo ulikwisha kuyachukua, na yaliyobaki yalikuwa kwenye tope. Niliokota konzi moja ya uchafu, nikasimama pale nikalia kwa hasira.

Clotilda alipotoka sokoni alilipapasa lile koti, kifuani, mgongoni, mikononi. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza. Alisema tu, "Nilikwambia usikate, Fundi." Basi la kwenda mlimani lilikuwa linaondoka kesho kutwa.

Mimi ndiye niliyepaza, mtaa mzima ukasikia. Nikaingia chumbani nikachukua kisu nikalipasua godoro letu, lile nililotoka nalo kwetu siku ya harusi, nikamwagia Nassibu sufi miguuni. Nikamwambia jaza, na ushone vilevile lilivyokuwa. Akashona kwa adabu, sijawahi kumwona na adabu namna ile. Jioni koti likawa limenona tena. Anselmi akalivaa, akatoka jasho, akacheka, nami nikaona aibu yetu imefutika.

Clotilda akalibonyeza kwa vidole. "Ahsante, shoga. Lakini sufi ikilowa inashikana madonge. Kule kwetu ukungu unamlowesha mtoto hata kabla hajafika shule."

"Sasa tufanyeje?"

"Lazima awepo mtu wa kulikausha motoni kila siku. Wale wakwe hawatalikausha. Walisema mimi ndiye mwuaji, wao hawakuwasha hata moto." Akalikunja koti polepole. "Ninakwenda naye. Nitalala palepale nilipoapa sitalala tena."

Kile kizimba alichokihangaikia mwaka mzima alikiacha asubuhi yake, na kabla ya adhuhuri palikuwa na mtu mwingine anauza nazi. Tukawasindikiza stendi, yeye na mtoto na furushi la nguo. Hakuangalia nyuma.

Tulipokuwa tunarudi, Nassibu akavuta pumzi, akasema, "Ndiyo mipango ya Mungu, mke wangu."

Nikamwambia, "Mwache Mungu. Mkasi ulikuwa mkononi mwako."